Kuosha na kung'arisha gari nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yameanzia yale ya msingi na kuishia kwenye hali za pekee. Jibu likitegemea jingine, namba ya swali imetajwa. Mwenye haraka asome la 3, la 5 na la 16.

## Mambo ya msingi

1. Gari lioshwe kila baada ya siku ngapi?

Gari linalolala nje na kutembea mjini kila siku linatosheka na kuoshwa mara moja kwa wiki mbili. Ukipita barabara ya vumbi, fanya kila wiki. Vumbi kavu lililotulia juu ya boneti halina neno. Linaanza kula rangi pale mtu anapolisugua. Ndiyo maana gari lenye vumbi la wiki nzima mara nyingi lina rangi nzima kuliko linalofutwa kila asubuhi (swali la 10).

Vitatu havingoji ratiba: kinyesi cha ndege, utomvu wa miti na chumvi ya bahari. Hivyo vitoe siku hiyohiyo.

2. Kwa nini nisitumie sabuni ya unga? Mbona inatoa uchafu vizuri?

Inatoa, na inatoa hata usichotaka kitoke. Sabuni ya unga imeundwa kung'oa mafuta kwenye nguo, na haijui tofauti ya mafuta ya mchuzi na nta inayolinda rangi yako. Ukiosha nayo mara mbili tatu, maji yanaacha kukimbia juu ya bodi na kuanza kutuama. Halafu kuna chenga ambazo hazijayeyuka: ukisugua nazo ni kama umetia mchanga kwenye ndoo. Ikikaukia kwenye plastiki nyeusi na mipira ya madirisha, inaacha weupe.

Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ni afadhali kidogo, na ina kazi yake: kutoa nta ya zamani kabla ya kupiga polishi. Hiyo ni mara moja au mbili kwa mwaka. Siku nyingine tumia shampuu ya gari. Chupa ya lita moja inakaa muda mrefu, kwa sababu ndoo ya lita 10 kwa kawaida inataka vijiko 2 hadi 3 tu vya chakula.

3. Rangi ya gari ina unene gani, na hilo linanihusu nini?

Juu ya bati kuna praima (rangi ya chini ya kushikia), halafu rangi yenyewe, halafu klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi ambalo ndilo linalong'aa. Kwa gari lililotoka kiwandani, vyote pamoja huwa kama maikroni 100 hadi 150 (maikroni elfu moja ni milimita moja). Klia peke yake ni 35 hadi 50 hivi. Unywele wa binadamu una kama 70. Kwa maneno mengine, kile unachokiosha, unachokisugua na kukipiga polishi ni chembamba kuliko unywele.

Mikwaruzo midogo unayoiona juani iko ndani ya klia hiyo, na polishi inaiondoa kwa kuiparura klia iliyoizunguka mpaka uso uwe sawa. Kilichoparurwa hakirudi. Ukilielewa hili, maelekezo mengine yote yanakuwa rahisi: osha kwa uangalifu ili usilazimike kupiga polishi mara kwa mara.

4. Ninunue nini kwanza?

Ndoo mbili, glavu ya kuoshea yenye manyoya marefu ya maikrofaiba, shampuu ya gari, taulo moja kubwa la kukaushia (60 kwa 90 sm linatosha gari dogo la saluni), vitambaa vidogo sita vya maikrofaiba na kopo moja la nta. Basi. Mashine ya polishi, klei (swali la 15) na dawa za rimu vije baadaye, ukishajua unazihitaji.

Acha dodoki, sponji ya jikoni na fulana kuukuu. Dodoki ni nyuzi ngumu. Sponji ina uso bapa: punje ya mchanga ikikwama haina pa kuingia, inabaki kati ya sponji na rangi na kuchora mstari kila unapopita. Fulana ina mishono. Manyoya marefu ya glavu yanaimeza punje hiyo na kuiweka mbali na klia.

## Kuosha

5. Hatua za kuosha vizuri ni zipi?

Osha kivulini, bodi ikiwa imepoa. Weka kiganja juu ya boneti. Usipoweza kukiacha hapo kwa raha, subiri. Bati la moto linakausha shampuu kabla hujaisuuza, na doa linabaki.

Anza na rimu na tairi, kwa ndoo na brashi zake. Ukizimaliza mwisho utalirushia tope gari ulilokwisha kuliosha.

Kisha mwagia gari zima maji mengi bila kuligusa, kutoka paa kwenda chini. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo yenye thamani kuliko zote, maana mchanga unaoondoka na maji hautasuguliwa na mkono. Tope lililoganda chini ya milango limwagie, liache dakika tano lilainike, limwagie tena.

Sasa chovya glavu kwenye ndoo ya shampuu na uoshe paa, halafu vioo, boneti, buti, sehemu za juu za milango, na mwisho kabisa sehemu za chini na bampa. Pitisha glavu kwa mistari iliyonyooka, bila kukandamiza; uzito wa glavu yenyewe unatosha. Kila baada ya mlango mmoja au nusu ya boneti, suuza glavu (swali la 6). Suuza gari kwa vipande kabla povu halijakauka.

Mwisho toa kichwa cha mpira wa maji, uache maji yatiririke polepole kutoka paani. Yatashuka kama shuka na kuondoka na matone mengi. Kinachobaki kigandamize kwa taulo, usiburute. Fungua milango na buti ufute kingo zake, kwa sababu maji ya hapo ndiyo yanayochuruzika baada ya kilomita moja na kuacha michirizi.

6. Ndoo mbili ni za nini? Moja si inatosha?

Moja ina shampuu, nyingine maji matupu. Glavu ikitoka kwenye gari inaingia kwanza kwenye maji matupu, unaikamua, ndipo inarudi kwenye shampuu. Angalia kitako cha ndoo ya maji matupu ukimaliza: ule mchanga uliotuama pale ungekuwa umerudi kwenye boneti.

Kuna wavu maalumu wa kuweka chini ya ndoo ili mchanga uliozama usiibuke tena. Chujio la plastiki la jikoni, likigeuzwa juu chini, linafanya kazi hiyohiyo.

7. Maji ya bomba kwetu ni ya mgawo. Nina lita 20 tu. Nifanyeje?

Inawezekana, ila shida ni kule kusuuza kwa mwanzo, ambako jagi halitoshi. Nunua bomba jipya la mgongoni la kupulizia mimea, lile la lita 16, ulitumie kwa gari peke yake. Lililowahi kuwekwa dawa ya magugu au wadudu lisikaribie gari wala mikono yako. Lita 6 za kwanza zinalainisha na kushusha vumbi, lita 5 zinaingia kwenye ndoo ya shampuu (kijiko kimoja na nusu), lita 4 kwenye ndoo ya kusuuzia glavu, na 5 zilizobaki ni za kusuuza gari. Kwa gari dogo zinatosha. Kwa gari lenye tope hazitoshi, na hapo ni heri kungoja siku ya maji.

Zipo pia shampuu zisizohitaji kusuuzwa, unazochanganya kwa kiasi kidogo sana na kufuta moja kwa moja. Ni nzuri kwa vumbi jepesi. Kwa tope la mvua, hapana.

8. Nikiosha kwa maji ya kisima gari linabaki na madoa meupe. Yanatokana na nini?

Ni chokaa na chumvi zilizomo majini. Tone likikauka, maji yanaondoka na madini yanabaki. Visima vingi vya Dar es Salaam na vya ukanda wote wa pwani vina maji ya namna hii. Kinga yake ni kukausha gari papo hapo, na kama una lita 5 za maji ya mvua au ya bomba, zitunze kwa msuuzo wa mwisho.

Doa lililokwisha ganda huondoka kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Lowesha kitambaa, kibandike juu ya doa kwa dakika moja au mbili kivulini, futa, suuza kwa maji mengi, rudisha nta sehemu hiyo. Ukiona duara limebaki hata baada ya siki, madini yamekwisha kuila klia, na hapo ni kazi ya polishi (swali la 18).

9. Mashine ya presha inaharibu rangi?

Rangi nzima haiharibiki, ukiheshimu umbali. Tumia ncha ya nyuzi 25 au 40 (kwa kawaida ya kijani na nyeupe) na usisogee karibu zaidi ya sentimita 30. Ile nyekundu, inayotoa mstari mmoja kama sindano, haina kazi kwenye gari. Epuka kulenga kingo za stika, mipira ya madirisha, redieta, na mahali popote ambapo klia imeanza kuinuka, kwa sababu maji yanaingia chini yake na kubandua kipande kizima. Injini nayo usiipige presha: soketi za umeme na alterneta hazikuundwa kwa hilo.

10. Mlinzi au dereva anafuta vumbi kila asubuhi kwa kitambaa. Kuna ubaya?

Huo ndio ubaya wenyewe. Vumbi la barabarani lina punje za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko klia. Kitambaa kikavu kinageuka msasa laini, na gari jeusi linaweza kujaa mikwaruzo kama utando wa buibui ndani ya miezi michache. Brashi ya manyoya ya kufagia vumbi ni hivyo hivyo, tena inatunza mchanga wa jana. Kitambaa kilicholoweshwa kwenye ndoo moja iliyooshea magari manne ni kibaya zaidi ya kikavu.

Kama ni lazima gari lipendeze asubuhi, lipulizie maji yenye shampuu kidogo mpaka lilowe, futa kwa kitambaa safi cha maikrofaiba ukikigeuza kila upande unapochafuka, na upite mara moja tu. Au ufute vioo na taa peke yake. Mweleze anayefuta kwa upole sababu yake. Wengi wanafanya hivyo kwa nia njema na hawajawahi kuambiwa.

11. Vitambaa vya maikrofaiba vifuliweje?

Peke yake, kwa sabuni ya maji, bila dawa ya kulainisha nguo, maana inaziba nyuzi na kitambaa kinaacha kunywa maji. Usivifue na taulo za pamba. Vya bodi visichanganywe na vya rimu. Tofauti ya rangi inasaidia. Kilichoanguka chini hakirudi kwenye gari siku hiyo, hata kama kinaonekana safi.

## Madoa sugu

12. Kunguru wamechafua gari. Nitoeje bila kukwaruza?

Usikwangue kwa kucha wala kwa tishu kavu. Ndani ya kinyesi kuna mchanga na mbegu. Lowesha kitambaa kwa maji ya vuguvugu, kilaze juu yake dakika 5 hadi 10, kisha inua kwa kukunja kitambaa kuelekea juu. Rudia mpaka kiishe.

Haraka ni muhimu kwa sababu ya jua. Klia ikipata moto inalainika na kutanuka. Ikipoa inajibana kufuata umbo la kinyesi kilichoganda, na asidi iliyomo inaendelea kuila. Mchana mmoja wa jua kali unaweza kuacha alama. Mwembe wenye kivuli kizuri na kunguru wengi si maegesho ya bei rahisi kama unavyodhani.

13. Lami na utomvu je?

Nukta nyeusi za lami chini ya milango zinatoka kwa mafuta ya taa au spiriti nyeupe. Tia kidogo kwenye kitambaa, kilaze kwenye nukta kwa dakika moja, futa, kisha osha kwa shampuu ili mafuta yasibaki. Utomvu wa mwembe au wa mwarobaini ukiwa bado laini unatoka kwa maji ya moto ya kuvumilika na mkono. Ulioganda jaribu spiriti ya hospitali.

Thina iache kwa fundi rangi. Kwenye gari lililopakwa upya kwa rangi isiyo na hadna (kemikali ya kugandisha rangi), thina inayeyusha rangi yote mpaka kwenye praima. Petroli nayo ni hatari ya moto isiyo na faida yoyote.

14. Rimu zina vumbi jeusi lisilotoka kwa sabuni.

Hilo ni vumbi la breki: chembe za chuma zinazotoka zikiwa za moto na kujichimbia kwenye vanishi ya rimu. Ipo dawa ya kuziyeyusha. Unaipuliza, inageuka zambarau baada ya dakika chache, unapitisha brashi laini na kusuuza kabla haijakauka. Rimu iwe baridi.

Watu wengine hutumia dawa ya kusafishia vyoo. Ni asidi. Rimu ya aloi inang'aa siku hiyo, kisha vanishi inaanza kuwa na mabaka meupe na kubanduka.

15. Gari limeoshwa ila nikipitisha mkono nahisi chenga. Ni nini?

Vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi, pitisha kwenye boneti iliyooshwa, utazihisi zaidi. Ni chembe za chuma, lami, au vumbi la rangi iliyopulizwa jirani, na zimeng'ang'ania. Shampuu haizitoi. Dawa yake ni klei, udongo laini maalumu wa kusafishia rangi.

Kata kipande cha gramu 40 hadi 50, kifinyange kama biskuti, lowesha sehemu ya 50 kwa 50 sm kwa maji yenye shampuu nyingi, na uteleze klei huku na huku bila kukandamiza. Mwanzoni inakwaruzakwaruza na kusikika. Ikiwa kimya, sehemu hiyo imeisha. Kunja klei upande safi, hamia kwingine. Ikianguka chini, itupe. Inauma kuitupa, lakini itupe. Klei inaacha alama nyepesi na inaondoa nta, kwa hiyo baada yake lazima ifuate polishi au angalau nta. Mara moja au mbili kwa mwaka.

## Kupiga polishi na nta

16. Kompaundi, polishi na nta: tofauti ni nini?

Dukani vyote vinaitwa "polishi" na hapo ndipo watu wanapoliwa hela. Kompaundi ina chenga kali; inakata klia ili kuondoa mikwaruzo ya kina. Polishi ina chenga laini. Inakata kidogo na kurudisha mng'ao. Nta haikati chochote; inakaa juu kama koti. Ukipaka nta juu ya mikwaruzo unapata mikwaruzo inayong'aa. Ukipiga kompaundi kila mwezi ukidhani ni nta, utaimaliza klia.

Namna rahisi ya kujua: chovya kidole kwenye kopo na usugue kwa dole gumba. Ukihisi unga mgumu, inakata.

17. Nitajuaje mkwaruzo utatoka au hautoki?

Pitisha ukucha kukatiza mkwaruzo. Usiponasa, polishi itautoa. Ukinasa kidogo, utapungua ila usitarajie uishe. Kisha lowesha maji: mkwaruzo unaopotea ukilowa uko ndani ya klia, unaobaki mweupe au wa kijivu hata ukiwa na maji umefika kwenye praima, na huo ni wa kalamu ya rangi au fundi. Ukiona bati au kutu, usiache mvua ipite.

18. Naweza kupiga polishi kwa mkono?

Kwa doa moja, ukingo wa mlango au alama za kucha chini ya kitasa, ndiyo. Tumia sponji ya kupakia, tone la ukubwa wa mbaazi, eneo la sentimita 20, na usugue kwa dakika mbili kamili kwa mistari ya kukatizana. Wengi huacha baada ya sekunde ishirini na kusema polishi ni feki. Kwa gari zima, mkono utachoka kabla ya mlango wa pili, na matokeo yatakuwa ya mabaka.

19. Kwa mashine nianzeje bila kuunguza rangi?

Chagua mashine inayozunguka huku ikiyumba. Sponji ikikandamizwa kupita kiasi inasimama yenyewe, na huo ndio usalama wako. Ile inayozunguka mhimili mmoja tu inakata haraka na kuunguza haraka. Ni ya mwenye uzoefu. Grainda ya kukatia chuma, hata ukiifunga sponji, ni marufuku: inaenda karibu mizunguko 11,000 kwa dakika, wakati mashine ya polishi ya mhimili mmoja haizidi 3,000 hivi.

Gari liwe limeoshwa na kupitishwa klei. Funga kwa tepu ya karatasi plastiki nyeusi, nembo na kingo kali za bodi, kwa kuwa pembezoni klia ni nyembamba kuliko katikati. Jaribu kwanza eneo moja la 50 kwa 50 sm kwa sponji laini na polishi laini. Matone manne ya mbaazi, sambaza kwa spidi 1, panda spidi 4, tembeza mashine taratibu kama sentimita 3 kwa sekunde, wima kisha mlalo, raundi nne hadi sita. Sponji ikae bapa. Gusa bati: likiwa vuguvugu sawa, likichoma simama.

Futa, kagua kwa tochi ya simu ukiiinamisha pembeni. Mikwaruzo ikitoka kwa mchanganyiko huo laini, usitafute mkali. Isipotoka, panda ngazi moja, kompaundi kwa sponji ngumu zaidi, halafu malizia kwa polishi laini. Safisha sponji kila baada ya eneo moja. Iliyojaa uchafu haikati, inachafua.

20. Nilipiga polishi ikatoka safi, wiki mbili baadaye mikwaruzo imerudi. Kwa nini?

Haikuwahi kutoka. Polishi nyingi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo na kuificha mpaka yaoshwe. Ili usidanganyike, kila ukimaliza eneo futa kwa spiriti ya asilimia 70 iliyochanganywa sehemu moja kwa sehemu tatu za maji. Unachokiona baada ya hapo ndicho kilichopo.

Alama za duara zinazozunguka na mwanga juani ni jambo jingine: ni za mashine ya mhimili mmoja iliyomalizwa vibaya. Polishi laini kwa sponji laini inazitoa.

21. Nta gani inafaa jua la kwetu, na inakaa muda gani?

Nta ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi wa kaskazini mashariki mwa Brazili, inang'aa vizuri sana, ila kwa gari linalolala juani wiki nne hadi nane zinaitosha. Silanti, kinga ya kemikali inayopakwa kama nta, inakaa miezi minne hadi sita. Kwa gari la kazi chukua silanti.

Paka nyembamba kiasi kwamba unaiona kwa shida. Nene haikai zaidi, inakuwa ngumu kufuta tu. Iache ikauke mpaka kidole kikipita kiache njia safi, kisha futa. Maji yakianza kutuama badala ya kukimbia kwa matone, rudia.

22. Seramiki ina maana kwa gari la kawaida?

Ina maana kama rangi imenyooshwa kwanza, kwa sababu itaifungia mikwaruzo ndani pia. Ni umajimaji wenye silika unaoganda juu ya klia. Wa ubora unakaa miaka, na uchafu unatoka kirahisi. Haizuii mawe, haizuii kufutwa vibaya, na haimaanishi gari halioshwi. Ile "9H" kwenye boksi ni kipimo cha ugumu wa penseli, si cha almasi. Ukipaka mwenyewe: kipande kidogo kidogo, kivulini, futa kabla haijashika, gari lisipate maji saa 24 wala shampuu siku 7.

## Taa, plastiki na tairi

23. Taa zimekuwa njano. Dawa ya meno inafanya kazi?

Kwa wiki chache. Kioo cha taa za kisasa ni plastiki ya polikaboneti iliyopakwa koti la kuzuia jua, na unjano ni koti hilo lililokufa. Dawa ya meno inasugua juu juu na kuiacha plastiki uchi, kwa hiyo unjano unarudi upesi kuliko mwanzo.

Fanya hivi: funga tepu kuzunguka taa, sugua kwa msasa wa maji namba 800 mpaka maji meupe yatoke bila unjano, kisha 1500, kisha 2000 au 3000, kila mmoja ukikatiza mistari ya uliotangulia. Piga polishi. Halafu, na bila hatua hii umefanya kazi bure, paka kinga ya jua: klia yenye hadna au kinga maalumu ya taa. Klia hiyo ina sumu ukiivuta. Vaa barakoa ya kemikali na ufanyie nje.

24. Plastiki nyeusi zimepauka. Nimeambiwa nipake dizeli au mafuta ya breki.

Zinakuwa nyeusi siku mbili. Dizeli inalainisha mpira na kunasa vumbi. Mafuta ya breki ni mabaya zaidi: tone lake likidondokea bodi linaivimbisha na kuibandua rangi. Likidondoka, mwagia maji mengi papo hapo bila kusugua. Tumia dawa ya plastiki isiyo na petroli, plastiki ikiwa imeoshwa na kukauka kabisa.

25. Tairi ing'arishwe wapi?

Ubavuni tu, kwa kitambaa, dakika kumi kabla ya kuendesha. Isiguse njia ya kukanyagia wala diski za breki.

## Hali za pekee

26. Gari limetoka kupakwa rangi. Naweza kupaka nta?

Subiri siku 30, kwa sababu rangi bado inatoa hewa ya kemikali na nta inaifungia. Wiki ya kwanza usioshe. Baada ya hapo maji na shampuu laini tu, bila presha.

27. Klia ya paa inabanduka kama ngozi iliyoungua. Polishi gani itasaidia?

Hakuna. Polishi itaiinua zaidi pembezoni. Kipande chote kinapigwa msasa na kupakwa upya.

28. Nikipiga polishi kitambaa kinatoka na rangi ya gari. Nimeharibu?

Si lazima. Magari ya zamani, na baadhi ya rangi nyeupe za kawaida kama Toyota ya namba 040, hayana klia. Rangi yenyewe ndiyo ya juu. Namba ya rangi iko kwenye kibati chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Rangi hizi zinapendeza sana zikipigwa polishi laini, na zinahitaji nta zaidi ya nyingine. Ila kama gari lina klia na kitambaa kikatoka na rangi, simama hapo hapo: umeipita.

29. Rangi isiyong'aa nayo inapigwa polishi?

Kamwe. Polishi na nta zinaacha mabaka yanayong'aa yasiyorudi. Shampuu yake maalumu na taulo, basi.

30. Ninaishi karibu na bahari, au huwa navuka na pantoni. Niongeze nini?

Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, chini ya gari. Chumvi haionekani kwenye boneti kama inavyofanya kazi ndani ya matao ya tairi, kwenye fremu na kwenye mikunjo ya chini ya milango. Lifanye kila wiki, na siku hiyohiyo ukikanyaga mchanga wa ufukweni. Mpira wa maji wa bustani wenye kichwa cha kunyunyiza, ukiulaza chini uelekee juu na kuuburuta polepole kutoka mbele kwenda nyuma, unafika pengi.

Kisha piga magoti uangalie ukingo wa chini wa kila mlango. Kuna vitundu viwili au vitatu vya kutolea maji, na mara nyingi vimezibwa na tope. Vizibue kwa kijiti cha mbao, si msumari. Maji ya kahawia yakichuruzika, mlango ulikuwa unaoza kutokea ndani huku nje unang'aa.